Mashua Inavuja Lini?

Maji yakishakupwa Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara, mashua na ngalawa hubaki zimelala ubavu mchangani, na hukosi kumwona mtu ameinama ndani ya mojawapo na kopo la lami, anaziba. Ukimuuliza kwa nini anaziba hapo, atakwambia hapo ndipo maji yanapotokea. Ukipita tena baada ya siku chache utamkuta ameinama palepale, au hatua moja pembeni, na lami imeongezeka unene.

Shida ni kwamba maji yanapoonekana mara nyingi sipo yalipoingilia. Yakishapenya kati ya mbao mbili hukutana na taruma, ule ubavu wa ndani unaoshikilia mbao, yakateremka nalo, yakapita chini ya mbao za kukanyagia, yakafuata mkuku, mti wa chini wa urefu wote wa chombo, hadi mahali pa chini kuliko pote. Mashua nyingi zikitia nanga hulalia tezi, yaani nyuma, kidogo, kwa hiyo ufa ulioko karibu na omo, yaani mbele, hujaza maji nyuma, na mwenye chombo huenda kuchokonoa nyuma. Mambo huharibika zaidi pale vile vipenyo vilivyochongwa chini ya mataruma ili maji yapite vinapozibwa na mchanga na magamba ya samaki. Hapo maji husimama kwenye chumba kimoja cha ngama, lile tumbo la chini la chombo, na kila anayetazama huapa kwamba chumba hicho ndicho kibovu.

Mafundi wazuri wa vyombo huanzia kwingine. Kabla ya kuuliza inavuja wapi, huuliza inavuja lini. Inavuja nangani, au mpaka itweke tanga? Ikiwa tupu, au ikishapakia? Kwenda, au kurudi? Majibu ya maswali hayo yanaweza kukuondolea robo tatu ya mbao kwenye orodha ya watuhumiwa hata kabla hujashika kisu.

Nilisikiliza mazungumzo ya namna hiyo Mikindani, kijana mwenye mashua amemfuata fundi kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chombo kimefanya nini tena?"

"Kinavuja, mzee. Hatupumziki, ni kufua maji tu."

"Usiku kikiwa nangani, mnafua?"

"Nangani mara moja, alfajiri. Tena kidogo."

"Na mkitweka?"

"Tukienda Msimbati, salama. Tukirudi ndiyo balaa."

"Na hili kusi?"

"Na hili hili kusi."

Mzee hakuuliza zaidi. Ukitoka Mikindani kwenda Msimbati unaelekea mashariki, na kusi, upepo wa kusini, linakupiga mkono wa kulia. Upande huo ndio joshi, yaani unakotoka upepo, umeinuka juu. Ukirudi, mkono uleule wa kulia umekuwa demani, yaani unakoelekea upepo, umelala majini. Walipofika kwenye mashua hakuangalia chini kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mbao za juu za upande wa kulia, zile ambazo chombo kikisimama wima haziguswi na maji. Akapitisha ncha ya kisu kwenye maungio, polepole, juu ya rangi ya kijani iliyoonekana nzima. Rangi ikapasuka na kutoka kama ganda. Chini yake pamba iliyozibia maungio ilikuwa nyeusi, imekauka, akiigusa inakuwa vumbi. Sehemu nyingine haikuwapo kabisa, rangi tupu ndiyo iliyokuwa imeshikilia bahari.

Ubovu wa namna hii umejaa pwani yetu. Mbao za chini zinalowa kila siku, zimevimba na kubanana. Za juu zinapigwa na jua mwaka mzima. Chombo kikilala upande wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, mbao kavu huzama ghafla, maji yakaingia kwa fujo; kikisimama wima, kunakauka tena na hakuna anayeona kitu. Kwa hiyo chombo kinachovuja kikilalia kushoto tu, tafuta juu, kushoto. Kinachovuja kikipakia mzigo tu, tafuta ule mstari kati ya alama ya maji kikiwa tupu na alama ya maji kikiwa kimeshiba. Kinachovuja usiku na mchana kwa kiasi kilekile, kimetulia nangani, ubovu wake uko chini ya maji siku zote: ubao wa kwanza juu ya mkuku, vichwa vya mbao kule omo na tezi, au msumari.

Kinachovuja bahari ikichafuka tu, hata kama hakikulala upande, kina kitu kinachocheza. Mlingoti ni mzito na foromali, ule mti unaobeba tanga, inauvuta huku na huku. Nguvu yote hiyo huteremka hadi mahali mlingoti unapokaa, ikasukuma mkuku chini wakati maji yanasukuma mbavu ndani. Msumari uliolegea hapo hautaonyesha kitu chombo kikiwa kimepumzika. Weka kidole chako kwenye maungio ya karibu na mlingoti mwenzako akiutikisa, na utasikia mbao zinasogeleana. Ubovu wa hivi hauponi kwa pamba. Utajaza pamba, mbao zitaitema, utajaza tena. Kwanza kaza kinachocheza.

Na kuna maji yasiyotoka baharini kabisa. Yaonje. Ukiyakuta si ya chumvi, ni mvua, na huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mtu anaweza kuziba chombo chake miezi mitatu mfululizo akipigana na mawingu. Lakini usiyapuuze. Maji ya mvua yaliyolala ndani ya mashua ni mabaya kwa mbao kuliko ya bahari, kwa sababu kuvu wanaoozesha mbao hawaipendi chumvi. Mzee anayemwagia mashua yake maji ya bahari ndani baada ya mvua hajachanganyikiwa.

Ukubwa wa tundu na ukubwa wa tatizo

Watu wengi hukadiria vibaya jinsi tundu dogo linavyoingiza maji. Tundu la upana wa sentimita 1, likiwa nusu mita chini ya maji, huingiza karibu lita 9 kwa dakika. Hizo ni zaidi ya lita 500 kwa saa, nusu tani. Upana wake ukiongezeka mara mbili, maji huongezeka mara nne: lita 35 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 inajaa katika nusu dakika na ushee. Kina nacho kinachangia, ila kwa kiasi kidogo. Tundu lilelile ukilishusha kutoka nusu mita hadi mita nzima, maji huongezeka kwa takriban asilimia 40 tu.

Ufa hudanganya zaidi, kwa sababu jicho linaona wembamba wake na kusahau urefu. Ufa wa milimita 1 wenye urefu wa rula ya shule, sentimita 30, una nafasi karibu sawa na matundu manne ya sentimita 1. Ndiyo maana mashua iliyokaa juu ya mchanga kwa muda mrefu, ikirudishwa majini bila maandalizi, inaweza kukaa chini palepale ilipoelea.

Hilo linatuleta kwenye kuvimba. Mbao hubadilika upana kadiri zinavyonyonya au kupoteza maji, lakini urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ubao wa upana wa sentimita 15 ukikauka na kupungua asilimia 2 tu, umepoteza milimita 3. Huku Mtwara na Lindi miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, ndiyo pia miezi isiyo na mvua, na wengi hupandisha vyombo vidogo juu. Vinakaushwa na upepo na jua kwa pamoja. Ikifika malelezi, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, bahari imetulia, kila mtu anataka kushuka, na kila ubao una ufa unaopitisha mwanga.

Kosa linalofanyika hapo ni kuziba nyufa hizo kwa kitu kigumu zikiwa zimepanuka. Sementi, epoksi, au pamba iliyogongwa kwa hasira mpaka haiingii tena. Chombo kikishuka, mbao zitavimba hata hivyo, wala hazikuombi ruhusa. Zikikosa pa kwenda zitang'oa misumari kutoka kwenye mataruma, au zitapasua taruma lenyewe, na hapo umebadilisha ufa wa siku mbili kuwa ubovu wa miaka. Chombo kilichokauka kwanza kinyweshwe. Kifunike kwa magunia, uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, au kiache maji yajae na kupwa chini yake siku kadhaa kikiwa kimefungwa vizuri. Nyufa zitakazokuwa bado wazi baada ya hapo ndizo zenye haki ya kupata pamba.

Kupweleza na kusaka

Panga kazi kwa kufuata mwezi wa angani. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, na hilo ni gati la bure. Kwa kazi ya saa chache, pweleza, yaani lete chombo kikalie mchanga, maji yakiwa yamejaa, subiri yakimbie, na una saa nne au tano kabla hayajakurudia. Kwa kazi ya siku nyingi, pandisha chombo kwenye kilele cha bamvua. Maji ya siku zinazofuata hayatafika juu vile, na utakuwa na nafasi mpaka bamvua ijayo. Ila jua pia kwamba ukishapanda hapo huwezi kubadili mawazo katikati ya maji mafu, siku ambazo maji hujaa kidogo tu.

Kabla ya kusaka, safisha. Ondoa mbao za kukanyagia, kwangua ngama, fungua vipenyo vyote chini ya mataruma kwa waya. Kazi hii inanuka na ndiyo maana inarukwa, lakini nusu ya siri za chombo ziko chini ya tope hilo. Kausha kwa kitambaa. Halafu kuna njia tatu ambazo hazihitaji kifaa cha kununua.

Ya kwanza ni kugeuza bahari. Mimina maji ndani, yasizidi kimo cha kiganja cha mkono, kisha zunguka nje utazame yanapodondokea. Yanayotoka huonyesha njia ya yanayoingia. Ukitia buluu ya kufulia humo ndani utaona doa hata kwenye mbao iliyokuwa tayari na unyevu. Usijaze mpaka juu: lita 1,000 ni tani nzima, na chombo kilichotengenezwa kubanwa na maji kutoka nje hakikutengenezwa kubeba tani kutoka ndani kikiwa kimelala juu ya mkuku.

Ya pili ni mwanga, kwa chombo kilichokauka. Usiku mmoja aingie ndani na tochi, atembeze mwanga kwenye maungio taratibu, mwingine nje na chaki. Kila panapong'aa pawekwe alama.

Ya tatu naiona bora kwa maji madogo yanayosumbua, yale ya kopo moja kwa usiku. Chombo kikiwa majini, kikavu ndani, nyunyiza majivu makavu kwenye mataruma na kandokando ya maungio. Kaa ungoje. Maji yakiingia huchora mstari mweusi juu ya majivu, na mstari huo unaweza kuufuata kwa kidole kwenda juu mpaka ulipoanzia. Hapo ndipo. Si pale chini ulipoishia.

Ukishapata mahali, uliza mbao hali yake kabla ya kuziba. Gonga kwa mpini wa nyundo: mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Choma kwa ncha ya kisu. Ikiingia bila kelele, unatakiwa kubadili ubao, na pamba yote ya dukani haitakusaidia.

Msumari na mdudu

Michirizi myekundu inayoteremka kutoka kwenye kichwa cha msumari ni kutu, na kutu haili chuma peke yake. Msumari unapoliwa, kemikali zinazozalishwa hulainisha mbao inayouzunguka, hivyo tundu linapanuka wakati msumari unapungua. Kuugonga tena kunaufanya uonekane umekaza kwa wiki moja. Ung'oe. Chonga kijiti cha mbao kavu, kitie kwenye tundu kikiwa na mafuta, kikate sawa na ubao, kisha piga msumari mpya pembeni, kwenye nyama nzima ya mbao, ukiwa umeuviringishia uzi wa pamba chini ya kichwa. Tumia misumari iliyopakwa zinki, na usichanganye shaba na chuma kwenye ubao mmoja. Vikiwa pamoja ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kitakacholiwa, tena haraka.

Mdudu anayekula mbao baharini, ambaye wataalamu humwita Teredo, ana ujanja wake. Watu humwona kama mnyoo, na umbo ndilo hilo, lakini ni jamaa ya chaza na kome: kigamba chake kidogo kiko kichwani, na ndicho kinachokereza mbao. Huingia angali mchanga kabisa, kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano, halafu hukulia ndani akifuata urefu wa ubao na kuacha handaki lililopakwa chokaa nyeupe. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje, umepakwa rangi, na ukiukata ukakuta ndani hakuna kitu ila vijia vyeupe vimejipanga. Chombo kinachoanza kuvuja mahali pengi kwa wakati mmoja, bila kugonga mwamba, mshuku huyu.

Kumkausha siku mbili hakumuui. Ana uwezo wa kuziba mlango wake na kungoja. Wazee wanaoichoma mashua chini kwa makuti makavu, wakitembeza moto haraka haraka ubavuni, wanafahamu wanachofanya, kwa sababu joto linawapata wale wachanga waliopo karibu na uso wa mbao. Baada ya moto hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, au sifa, yaani mafuta ya papa, juu ya mbao. Maji matamu nayo humdhuru, na hiyo ni faida ya kulaza chombo ndani ya mdomo wa mto, kama ule wa Lukuledi kule Lindi, wiki kadhaa wakati mto umejaa. Sisi watu wa korosho tuna pia mafuta ya ganda la korosho, yanayojulikana kwa kuhifadhi mbao. Lakini yanababua ngozi vibaya, asiyashike mtu kwa mikono mitupu kwa kujifanya hodari.

Kupiga kalafati

Ufa mzuri wa kukalafati, yaani kuziba kwa pamba, ni mpana nje na mwembamba ndani. Umbo hilo hufanya pamba ikazike kadiri inavyosukumwa. Ukiukuta umekuwa mpana ndani, labda kwa sababu ubao ulirandwa vibaya, pamba itapita na kuangukia kwenye ngama, na utaikuta imeelea humo kesho yake. Panahitaji ukingo kuchongwa upya au utepe mwembamba wa mbao kutiwa.

Toa pamba yote ya zamani kwa ndoano ya chuma. Yote. Pamba mpya juu ya pamba iliyooza ni kupoteza pamba mpya. Piga brashi ufa, acha ukauke juu juu, pakaza mafuta pembeni ili mbao isinyonye. Sokota pamba mpya iwe nyembamba kuliko unavyodhani inahitajika, iloweshe kwenye sifa au mafuta ya nazi, ikamue. Halafu uilaze kwenye ufa kwa vikunjo vidogo vidogo, ukiibana kwa chembeu, ile patasi butu, bila kugonga kwanza. Ikishalala urefu wote ndipo urudi na nyundo, kwa mapigo mafupi.

Sikio hapa lina kazi kuliko jicho. Mwanzoni nyundo inatoa sauti laini. Pamba ikikaza, sauti inakuwa kavu na chembeu inaanza kuruka mkononi. Simama hapo. Anayeendelea kugonga anageuza pamba kuwa kabari, anazitanua mbao, na ufa wa jirani uliokuwa mzima unafunguka. Nimeona chombo kilichotiwa pamba ubavu mmoja na vijana wenye nguvu nyingi, ubavu huo ukavuja mwanzo hadi mwisho.

Pamba ikishakaa inatakiwa iache nafasi juu yake, kama theluthi ya unene wa ubao, ya kujaza deheni au puti laini. Kazi ya tabaka hili ni kuilinda pamba na jua na mikwaruzo, kwa hiyo libaki laini, lifuate mbao zinavyovimba na kunywea. Lami hufaa kwa ulaini, na ni rahisi kupatikana, ndiyo sababu ya kutamalaki kwake. Lawama yangu kwayo ni kwamba inaficha. Chini ya lami huoni kutu, huoni uozo, na rangi au gundi nyingine haitashika tena mahali hapo. Iwe juu ya pamba iliyokaa vizuri, si badala yake. Sementi kwenye ngama ni mbaya zaidi ya lami: inashikana na mkuku kwa muda, mbao zinatikisika, sementi haitikisiki, panabaki mwanya mwembamba ambamo maji yanakaa yasitoke, na mbao huozea humo gizani. Nikiambiwa mashua ya kununua ina sementi chini, naanza kupunguza bei kichwani.

Faiba na ngalawa

Mashua za faiba hazina nyufa za mbao, kwa hiyo ukisaka anza na kila kilichotobolewa: boliti, bawaba za usukani, kizibo cha chini, na maungio ya sitaha na mwili. Palipopasuka, kwangua mpaka kwenye faiba nzima na uukonde ukingo polepole, upana wa mara 12 ya unene. Faiba ya milimita 5 inataka mteremko wa sentimita 6 kila upande. Kausha kabisa, ondoa mafuta, ndipo ubandike. Wengi hubandika juu ya rangi na unyevu, kisha wanailaumu gundi. Chombo chenye mashine ya ndani kinachovuja mashine ikiwaka tu kimekwambia chenyewe: angalia shafti ya pangaboi inapotokea. Pakingi ya pale, kwa mashine za kawaida, hudondosha tone moja moja ikizunguka ili isichemke, kwa hiyo usiikaze mpaka ikauke.

Ngalawa ni gogo, mara nyingi la mwembe, na nyufa zake hufuata nyuzi za mti kuanzia vichwani. Adui wake mkubwa ni jua. Kivuli cha makuti na maji kidogo ndani vinaiokoa kuliko kiraka chochote. Ufa ukishatokea, pamba, kitambaa kilicholowa lami, kisha bati lililopigwa misumari midogo iliyokaribiana. Angalia pia kamba za mirengu, zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Zikilegea, gogo husokotwa na kila wimbi na ufa hurefuka.

Ukiwa bado baharini

Kazi ya kwanza watu wavae maboya, ya pili kufua maji, kwa sababu huwezi kusaka tundu lililo chini ya maji uliyosimama ndani yake. Halafu geuza tanga. Tundu lililo upande wa demani likigeuzwa kuwa upande wa joshi linaweza kutoka majini kabisa, na tatizo likapungua kabla hujaligusa. Hamisha mzigo na watu kufuata hesabu hiyohiyo.

Kuziba kutoka nje kuna faida kubwa, maana bahari inakusaidia kusukuma. Kanga iliyokunjwa, kipande cha godoro, hata tanga la akiba lililopitishwa chini ya mkuku kwa kamba, vyote maji yatavibana kwenye tundu. Kutoka ndani maji yanakupinga, kwa hiyo unahitaji kabari ya mbao laini iliyozungushiwa kitambaa, ikigongwa kwa kiasi, hasa kama ubao unashukiwa kuoza. Kwa ufa mwembamba, kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa kwa nguvu ndani yake kinaweza kukufikisha nyumbani. Ni ya kukufikisha tu. Kung'oa sabuni kwenye ufa baadaye ili pamba ishike ni adhabu.

Chombo kikishatengenezwa na kushushwa, usikiache peke yake usiku wa kwanza. Kitaingiza maji, na hilo halimaanishi kazi imeharibika. Kikaushe kwa kitambaa, tia alama saa, na baada ya muda uleule kila siku pima kwa ndoo ileile umetoa kiasi gani. Siku ya pili kiasi kiwe kimepungua waziwazi, ya tatu kipungue tena. Kikibaki kilekile baada ya hapo, mbao zimeshamaliza kuvimba na ulichobaki nacho ni tundu halisi: subiri maji yakupwe, rudi na kisu kwenye ubao wa kwanza juu ya mkuku, uanzie omo kwenda tezi.